Ugali wa Kwapani

Mbwa alikuwa amening'inia kwenye mkono wangu wa kulia, hapo chini ya kwapa, na mkia wake ulikuwa unatikisika. Hilo la mkia naliandika mapema kwa sababu baadaye liliingia ofisini likawa ushahidi. Ilikuwa saa saba mchana, geti la ndani la shamba la maua, jua limesimama juu ya vichwa vyetu. Nyuma yangu kulikuwa na laini ya wafanyakazi wakingoja kusachiwa ndio watoke waende kula, na kila mmoja wao aligeuka mtaalamu wa mbwa.

"Usimwangalie macho," mmoja akasema.

"Mathe, kaa chini. Mbwa haumi mtu amekaa."

Nilikuwa nimekaa tayari. Nilikuwa nimeanguka. Mbwa alikaa na mimi.

"Ashikwe mkia," akasema mwanamume mmoja wa kupiga dawa. "Ukimshika mkia anaachilia."

"Si uko na mikono miwili, kuja umshike," mwanamke akamjibu.

Akasema yeye bado hajasachiwa, hawezi kuvuka laini.

Soja aliyeshika kamba ya mbwa alikuwa anamwambia "Livu, livu", yaani aache, kwa sauti ya chini kama anayeomba deni kwa mkubwa wake. Tulikuwa tumeambiwa mbwa wa Germany wanaelewa Kizungu peke yake, na Kizungu cha soja kilikuwa kinaishia hapo. Mimi nililia kwa lugha ya mama yangu, ambayo mbwa hakufundishwa.

Aliachilia mwenyewe. Watu husema meno ya mbwa kama huyo yakishaingia hujifunga, mpaka mtu alete chuma ayafungue. Hakuna kitu kilijifunga. Alionja, akaona si chakula, akaachilia. Kisha akanusa ardhi pale nilipoangukia, akitafuta kitu fulani. Wakati huo nilikuwa nimeshika mkono kwa ule mwingine na damu inapita katikati ya vidole, na bado nikajua anatafuta nini. Kitu hicho nilikuwa nimekila mimi.

Majina ya waliokosea sitaandika. Kazi zao nitataja, mmoja mmoja, na Karagita, mtaa wetu wa watu wa maua, si kubwa hivyo.

Nilitoka Kuresoi nikiwa mtu mzima, nimechoka kuchimba viazi vya watu. Nyumbani mbwa alikuwa kitu chembamba kinacholala juu ya magunia na kubwekea kila mtu, hata mwenye nyumba. Niliacha shule darasa la nne, kwa hivyo elimu yangu ya mbwa ni ile tu ya kijiji. Mbwa anayebweka haumi. Mbwa mwenye kinywa cheusi ndani ndiye mkali. Ukitaka mbwa awe mkali mpe pilipili angali mdogo, na ukitaka awe mkali zaidi mfungie gizani. Mbwa ananusa woga. Nilipofika shambani nilikuta watu waliosoma mpaka chuo, wako na ofisi na kiti cha kuzunguka, na elimu yao ya mbwa ilikuwa ile ile yangu. Hapo ndipo nilijua sikupoteza kitu kwa kuacha shule.

Mbwa waliletwa baada ya mipira ya maji na makasi kupotea stoo. Walikuwa wawili, lakini mmoja alikaa upande wa mitambo na sikuwahi kumjua. Huyu wangu alikuwa wa geti. Aliyewaleta ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu, mkubwa wa walinzi, mwanamume wa tumbo kubwa na viatu vinavyong'aa, ambaye alisema aliwahi kuwa jeshi. Hakuna aliyemuuliza jeshi la nani. Alitukusanya mbele ya grinhausi, akamfungua mbwa kinywa kwa mikono yake akatuonyesha weusi.

"Mnaona hiyo? Hii si mbwa ya kuchezewa. Lakini mbwa hajui sura ya mtu. Mbwa anajua jasho."

Akafunga kinywa cha mbwa, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Kesho kila mtu aje na kipande ya ugali. Unaiweka kwapani kutoka asubuhi mpaka saa nne ya chai. Usitoe. Saa nne unakuja hapa unampatia. Akishakula jasho yako, huyo hawezi kukugusa mpaka siku ya kufa."

Mwanamke mmoja mzee kidogo kuliko mimi, mtu wa kanisa, akainua mkono. "Mkubwa, sasa hii si uchawi?"

"Mama, hii ni sayansi," mkubwa akasema.

Nataka mshike hilo neno.

Siku ya pili tuliingia kazini na ugali kwapani, umefungwa kwa karatasi ya nailoni ili usitapakae. Sijui kama mmewahi kukata maua na ugali kwapani. Mkono lazima ubaki karibu na mbavu, na waridi haliji kwako, wewe ndiye unalifuata. Supavaiza wetu, mwanamke mkali ambaye macho yake huhesabu hata pumzi, alipita katikati ya mistari akasema, "Leo mnakata kama kuku wamefungwa mabawa." Halafu akageuka kwenda, na sote tukaona mkono wake mmoja haujitenganishi na mwili. Yeye alileta mkate. Alikuwa supavaiza.

Saa nne tukapanga laini mbele ya mbwa. Alikula wa kila mtu. Ulikuwa wa moto, wa chumvi, na uko na harufu sitaki kuieleza kwa watu ambao pengine wanakula. Mkubwa alisimama kando akitikisa kichwa kwa kila mmoja kama pasta anayebatiza.

Kungeishia hapo labda ningekuwa na mkono. Lakini mkubwa huyo huyo alikuwa na imani nyingine, kwamba mbwa aliyeshiba ni mbwa wa kulala. Kwa hivyo walilishwa jioni tu, na kidogo, na jioni nyingine walisahaulika kabisa. Soja wa geti aliniambia mwenyewe, "Sista, huyu hula kama mimi, mwisho wa mwezi." Tukipita tunamwona mbavu. Watu wakaendelea na ugali. Wengine kwa huruma, wengine kwa sababu walidhani hiyo dawa inaisha nguvu na lazima irudiwe. Mimi nilikuwa wa hao wa pili. Nilimwogopa sana yule mbwa, kwa hivyo nilimlisha kuliko wote. Jumatatu na Alhamisi, bila kukosa, kama mtu wa kliniki.

Baada ya miezi kadhaa mbwa alibadilika. Wakati wa kutoka, kila mtu husachiwa ndio wajue hajabeba makasi. Unainua mikono juu, soja wa kike anakupapasa. Mbwa akaanza kusimama wakati huo. Mikono ikipanda, naye anapandisha macho. Analamba mdomo. Anapita kwenye laini akinusa kwapa la huyu, la huyu, la huyu. Sisi tulicheka.

"Huyu ameokoka. Akiona mikono juu anajua ni maombi."

"Ananusa kama bwanangu akitafuta kama nimepitia mahali."

Na mkubwa wa walinzi alikuwa akija pale na wageni wa ofisi, anawaonyesha. "Mnaona? Anawatambua mmoja mmoja. Hiyo ni mafunzo." Wageni walipendezwa. Mmoja alipiga picha. Hakuna hata mmoja kati yetu, wa darasa la nne wala wa chuo, aliyefikiria kwamba mbwa hakuwa anatutambua. Alikuwa anauliza chakula kiko kwa nani leo. Tulikuwa tumemfundisha shamba zima, kwa bidii, kwamba kwapa la binadamu ni sufuria.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Niliweka ugali asubuhi kama kawaida. Saa nne nikafika getini, mbwa hayuko, amepelekwa upande wa mitambo kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa. Nikamngoja, chai inapoa. Mwishowe nikaona kutupa chakula ni dhambi. Nikaula mwenyewe, na chai. Najua mnavyofikiria. Hata mimi nilifikiria hivyo, lakini nilikuwa na njaa, na jasho lilikuwa langu.

Saa saba tukapanga laini. Mbwa alikuwa amerudishwa, na soja aliniambia jana yake hakukuwa na chakula cha mbwa kabisa. Nikainua mikono. Harufu ilikuwa imebaki kwenye sweta. Alikuja akitikisa mkia, akaweka pua, akasukuma, akasukuma tena, na mimi nikaogopa nikateremsha mkono kwa haraka. Akaona chakula kinafungwa. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote ya ukali wa mbwa wa Germany mwenye kinywa cheusi. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

Sasa nitataja wa pili. Ni nesi wa kliniki ya shamba. Alipangusa damu kwa pamba, akafunga bandeji nyeupe safi, ya kupendeza. Nilimuuliza kuhusu sindano.

"Ya nini? Mbwa wa kampuni amechanjwa. Tutamwangalia siku kumi. Akiwa mzima, wewe ni mzima."

Nilimuuliza kama ameona kadi ya chanjo ya mbwa. Akaniuliza kama mimi ni daktari.

Wa tatu ni jirani yangu wa chumba cha pili, na yeye namtaja kwa sababu nimesema nitataja wote, ingawa ndiye alinipikia uji. Yeye alijua dawa: nywele za mbwa huyo huyo, zichomwe, zisagwe, zichanganywe na mafuta ya taa, zipakwe. Lazima ziwe za huyo huyo, za mwingine hazifanyi kazi. Soja wa geti alinyoa kidogo akaniletea kwenye kiberiti kitupu. Katika shamba lote, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniletea kitu. Tukafungua bandeji nzuri ya nesi, tukapaka masizi.

"Na usiende hospitali," jirani akasema. "Watakudunga sindano ishirini na moja kwa kitovu. Kuna mtu wetu alidungwa, mpaka leo akikunywa maji tumbo inauma."

"Huyo mtu wenu yuko wapi?"

"Alikufa."

"Na tumbo inamuuma mpaka leo?"

"Wewe cheka tu."

Kwa hivyo nilikaa nyumbani nikingoja habari za afya ya mbwa. Wanawake waliotoka kazini walipita mlangoni. Hakuna aliyeuliza mkono. "Mbwa yako ameamkaje?" wanauliza. "Amekula leo," wananiambia. "Leo amebweka vizuri." Mmoja alinionya nisije nikamlaani, kwa sababu mbwa aliyekuuma akifa, na wewe unamfuata. Kwa hivyo nilimwombea. Nilipiga magoti kwenye saruji, mkono umefura kama wa mtu mwingine, nikaombea mbwa maisha marefu.

Siku ya nne hawakuleta habari. Nikauliza. Mbwa hayuko, wakasema. Mkubwa wa walinzi amempeleka Ndabibi kwa shamba la ng'ombe, apumzike, kwa sababu mambo ya geti yalimsumbua akili. Huko analinda ndama. Nataka niandike hili polepole: mbwa alipewa kazi nyepesi.

Na zile siku kumi za kumwangalia, nani alikuwa anaangalia? Ndama.

Usiku huo homa ilinishika, na asubuhi nilipanda boda boda mpaka hospitali ya serikali. Nesi wa huko alifungua kitambaa, akatazama masizi, akanitazama. "Mama, hii ni nini?" Nikamwambia. Hakunicheka. Alinipeleka kwenye mfereji, akachukua sabuni ya kawaida, ya kipande, akaosha kidonda kwa maji yanayotiririka, muda mrefu, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Akasema hicho ndicho kitu cha kwanza, dakika ile ile, kabla ya dawa yoyote: maji mengi na sabuni. Shambani maji yanapita kwenye mabomba mchana kutwa, yananywesha maua. Mfereji ulikuwa hatua chache kutoka pale nilipoangukia. Wataalamu wote wa laini ile, na hakuna aliyesema sabuni.

Nilidungwa begani, upande ule mzima, na nikarudi siku walizoniambia mpaka zikaisha. Zilikuwa chache. Hakuna aliyegusa kitovu changu. Lakini kidonda kilikuwa kimeoza ndani, wakanikata kutoa uchafu, na daktari akasema mshipa wa fahamu wa mkono umeharibika, sehemu kwa meno, sehemu kwa kuchelewa. Kidole gumba na viwili vinavyofuata havifungi. Makasi ya kukata maua yanahitaji vidole hivyo hivyo. Jembe pia. Kuosha nguo za watu pia. Nimejaribu vyote.

Nikaenda ofisini kuomba kazi nyepesi. Iko. Kwenye pakihausi, pale maua yanapofungwa, kuna kazi ya kubandika karatasi kwenye maboksi, mkono mmoja unatosha, na wamewahi kupewa watu walioumia. Nilitaka hiyo tu. Waliniketisha mbele ya watatu: mwanaume wa ofisi ya wafanyakazi, mkubwa wa walinzi na supavaiza wangu.

"Mama, pole sana," wa ofisi akaanza. "Swali moja tu. Ulikuwa unamlisha huyu mbwa?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilidhani sasa tunafika. "Ndio," nikasema. "Mara mbili kwa wiki."

Akaandika.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya huyu," nikamwonyesha mkubwa. "Yeye ndiye alituambia tuweke ugali kwapani."

Mkubwa wa walinzi aliangalia dari, akaangalia viatu vyake vinavyong'aa, halafu akacheka kidogo kama mtu aliyesikia mtoto akiongea. "Kwapani? Mama, mimi ni mtu wa usalama. Hiyo ni ushirikina."

Nikamgeukia supavaiza. Nilimwambia, "Madam, wewe ulileta mkate."

"Mimi siku hiyo nilikuwa naangalia maua," akasema.

"Siku gani? Sijasema siku."

Wa ofisi akaandika bila kuinua kichwa. Halafu wakaingia kwa mkia. Wote walioshuhudia wamesema mbwa alikuwa anatikisa mkia, mkubwa akaeleza, na mbwa anayetikisa mkia anacheza, kila mtu anajua. Eti mama alivuta mkono kwa nguvu akajiumiza mwenyewe. Kumbe mbwa akitikisa mkia ni kwamba amesisimka tu. Anaweza kuwa na furaha, na anaweza kuwa anakuja kukuuma. Hilo niliambiwa na yule nesi wa sabuni. Nilijaribu kulisema pale ofisini, lakini nani atachukua habari za mkia kutoka kwa mtu wa darasa la nne mbele ya mtu wa jeshi?

Fomu ilisomwa nikiwapo. Kuna mstari unasema: "Alimzoesha mbwa wa kazi tabia mbaya bila idhini na kumchokoza." Kazi nyepesi, wakaniambia, ni ya walioumia bila kosa lao. Kwa hivyo kati yangu na kibarua cha maisha yangu yaliyobaki kumelala mstari mmoja, na aliyeufanya uandikwe anajua ni uongo kuliko ninavyojua mimi, kwa sababu mimi niliambiwa na yeye ndiye alisema.

Nimeuliza wanawake wa laini kama watanitolea ushahidi. Wananipenda, wananiletea sukari, wanainamisha macho. Kontrakti zao ni za miezi. Siwataji kama wakosaji. Mimi mwenyewe nimo kwenye orodha kabla yao, kwa kuamini, kwa masizi, kwa kungoja siku nne nikiombea mbwa. Hayo ni yangu na nimeyalipa kwa vidole. Lakini huo mstari si wangu.

Basi mkubwa wa walinzi, hii sehemu ni yako, na kama husomi mambo ya watu kama mimi kuna mtu atakusomea. Njoo geti la ndani saa saba, watu wakiwa laini. Usiwaite ofisini mmoja mmoja. Waulize wote pamoja, mbele ya nesi na supavaiza, ni nani aliyetukusanya mbele ya grinhausi akatuambia habari za jasho, na ni nani aliyemwambia mama wa kanisa kwamba ni sayansi. Kama si wewe, mtaje huyo mtu. Kama ni wewe, chukua kalamu, ukate ule mstari, uweke sahihi yako kando yake ionekane. Mimi nitakuwa nje ya geti, kwa sababu ndani siruhusiwi tena. Sitaki unipe pole, nimepewa za kutosha. Nataka ujibu mbele ya watu: ni nani alituambia?